Kanga wa Jiwe Nje ya Wodi ya Akina Mama

Kabla mashine za posho hazijafika Kanyangi, kila nyumba ilikuwa na jiwe la kusagia, na mawe yote yalikuwa na tabia moja mbaya: yalizoea kazi. Mwanamke akisagia mtama na mawele miezi miwili mitatu, uso wa jiwe huwa laini, na jiwe laini halisagi, linatelezesha punje tu. Hapo ndipo huchukuliwa jiwe jingine dogo, gumu, la kujaa mkononi, na lile kubwa likadonolewa upya, donoa donoa, mpaka likwaruze tena. Ni kazi ya kuumiza mkono na kujaza vumbi machoni. Wanawake wengi waliifanya shingo upande, lakini Mumbua aliipenda.

Mumbua mke wa Ndeti hakuwa mtu wa kuandikwa gazetini. Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye ulimi ambao watu waliuheshimu kutoka mbali. Miaka ile ya mwanzo wa uhuru alikuwa akiitwa nyumba hadi nyumba kuwadonolea wenzake mawe, naye akienda na jiwe lake dogo limefungwa kwenye pindo la leso. Alirudi na bakuli la mawele, au kunde, au habari za watu, na wakati mwingine vyote vitatu. Mumewe alikuwa kibarua wa reli upande wa Kibwezi, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Mwaka wa 1969 Ndeti alishikwa na kichomi, akafa kabla ya mwezi kuisha. Aliacha watoto wawili, Nzilani na mdogo wake Nzomo, na tangu zamani Mumbua alikuwa anaitwa Mama Nzilani, kwa mtoto wa kwanza, kama ilivyo kawaida.

Mashine ya posho ilipofika sokoni, mawe ya kusagia yaligeuzwa kuwa vigoda vya kuwekea mapipa. Mumbua alichekwa kwa sababu aliendelea kulidonoa la kwake. Alijibu kwamba mashine ikikosa dizeli watakuja kwake wakiwa wamebeba mahindi kichwani, na kweli walikuja, si mara moja, na aliwasimanga kwanza ndipo akawapa nafasi ya kusaga.

Nzilani alikulia kwenye mbuzi. Upande ule wa vichaka vikavu kanga ni wengi, na wachungaji wote hujua namna ya kuchukua mayai yao. Kiota cha kanga hakiguswi kwa mkono. Unachukua kijiti kirefu, unalivuta yai taratibu, unaacha mengine, na unaondoka. Ukitia mkono, kanga akirudi atanusa, atakisusa kiota na kwenda kutagia porini ambako hutamwona tena. Nzilani akiwa wa miaka tisa alimpiga mvulana mkubwa kwa fimbo ya mbuzi kwa kosa hilo la kutia mkono. Mama wa mvulana alikuja kushtaki. Mumbua alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia ana bahati ni mtoto tu aliyeshika hiyo fimbo.

Msichana alisoma, akawa mkunga, na mwaka wa 1974 akaletwa kwenye kituo kidogo cha afya nje ya soko, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kwao. Siku hizo akina mama waliogopa kituo kuliko walivyoogopa nyoka. Walisema ukifika pale unavuliwa, unashikwashikwa na unapigiwa kelele na mtu aliyesimama juu yako. Nzilani hakusimama. Alikuwa na kigoda chake cha miguu mitatu, akifika kwa mzazi anaketi chini kabisa, anauliza habari za mbuzi na mvua, na mkono wake hauendi popote mpaka mwenyewe aseme "haya". Wenzake walimcheka kwamba anazalisha akiwa ameketi kama mwenye kuota moto. Naye aliwajibu, "Hawa akina mama ni kanga. Ukianza na mkono, utasikia amezaa kichakani." Maneno hayo Mumbua aliambiwa na wengi, na kila alipoyasikia alijifanya hajawahi kuyasikia.

Nzilani aliolewa na Irungu, mfanyabiashara wa misumari na mabati pale Emali, mtu wa Murang'a, mpole, asiye na maneno mengi. Mtoto hawakujaliwa. Machi 1981 Nzilani aliugua ini, akafa akiwa na miaka thelathini na mmoja, na akazikwa kwa kina mumewe, Murang'a, kwa sababu huko ndiko mke huzikwa. Hakuna aliyekosea. Mumbua mwenyewe alisema hivyo mbele ya watu.

Lakini ukweli ni kwamba alivunjika. Siku ya mazishi alipanda magari matatu kufika kwenye mteremko wa udongo mwekundu, kwenye migomba na baridi, kati ya watu waliozungumza naye kwa huruma kwa lugha asiyoijua. Gathoni, mama yake Irungu, alimpa kiti kizuri na chai ya maziwa matupu, na akamshika mkono muda mrefu. Na nani anaweza kulia sawasawa nyumbani kwa watu, ameshikwa mkono na mwenyeji, kikombe cha chai kikimngoja? Mumbua alilia kidogo, kwa adabu, akarudi Kanyangi na kilio chote kilichobaki. Nauli ya kwenda tena hakuwa nayo, na hata angekuwa nayo, angekwenda kusema nini?

Jambo lingine likafuata, na hili lilifanywa kwa nia njema tupu. Watu waliacha kumwita Mama Nzilani. Walianza kumwita Mama Nzomo, kwa mtoto aliyebaki, wasije wakamtonesha kidonda. Kwa hivyo jina la binti yake halikutamkwa tena, kisimani wala kanisani. Mumbua aliitika Mama Nzomo, na kila alipoitika aliona kama wamemzika Nzilani mara ya pili.

Mwaka wa 1983 wananchi walimaliza kujenga wodi mpya ya akina mama pale kituoni, kwa harambee. Kamati iliita mkutano chini ya paa jipya, watu waseme watatoa zawadi gani siku ya kufungua. Kanisa lilisema vitanda. Chama cha wasusi wa vyondo kilisema blanketi. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Kilonzo, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, mtu wa tai hata kwenye jua la saa saba. Aliandika kila kitu kwa herufi nzuri.

"Na Mama Nzomo?"

"Mimi nitaleta jiwe," Mumbua alisema.

Watu walicheka. Ukambani kuna upungufu wa vitu vingi, lakini mawe si mojawapo.

"Jiwe ya nini, mwaitu?" Kilonzo aliuliza, akimwita mama kwa Kikamba, kwa heshima.

"Jiwe ya kuchongwa. Kanga. Ikae hapo nje ya mlango, kwa hiyo mgunga. Ni ya kumkumbuka yule aliyefanya kazi hapa." Jina hakulitaja, na wala hakukuwa na haja, mkutano mzima uliangalia chini.

Kilonzo alivua miwani. Alisema polepole kwamba yeye anaheshimu uchungu wake, lakini kuna ile amri ya pili, na sanamu ya kuchongwa mlangoni pa nyumba ya wagonjwa inaweza kuwapotosha wachanga wa imani.

"Mwalimu," Mumbua alimwambia, "ni nani ataabudu kanga? Si hiyo ni kitoweo?"

Mkutano ulivunjika mbavu, na Kilonzo mwenyewe alilazimika kukohoa. Alipomaliza kukohoa alitoa masharti matatu, na aliyatoa kwa haki. Kwanza, kitu kiletwe kabla ya siku ya kufungua, kamati ikione; kikichelewa, pale chini ya mgunga patawekwa mlingoti wa bendera. Pili, kisiandikwe jina, kwa maana zawadi ikishatolewa ni mali ya umma. Sharti la tatu alisita kulisema.

"Watu wanakuja hapa kuzaa, mwaitu. Mzazi akifika mlangoni akute mama analilia mtu aliyekufa, ataogopa arudi nyumbani. Hapa si makaburini. Hapo kwa hiyo jiwe mtu asilie. Unakubali?"

Mahali pa kulia ndipo hasa Mumbua alipokuwa akipatafuta, na sasa aliambiwa atapewa mahali bila kulia. Lakini aliona kwamba Nzilani angesema vivyo hivyo, pengine kwa ukali zaidi.

"Nimekubali," akasema.

Fundi alimpata kwenye soko la Tulia. Alikuwa Nzioka, mchongaji aliyekaa Mombasa miaka kumi na mbili akichonga twiga na simba kwa ajili ya watalii, akarudi nyumbani na suruali ya bel-botomu na maoni juu ya kila kitu. Jiwe hakuwa amechonga hata siku moja. Alipoulizwa kama anaweza, alisema mti na jiwe ni ndugu, tofauti ni jasho. Walikubaliana malipo ya mbuzi jike na debe la asali, chakula juu ya Mumbua, na Nzioka akaja Kanyangi na patasi, nyundo, tezo na msasa, akapewa nyumba ya Nzomo, ambaye wakati huo alikuwa Voi.

Jiwe Mumbua alilichagua mwenyewe kwenye kile kilima ambako bibi zake walitoa mawe ya kusagia: jeusi la kijivu, zito, lisilo na ufa. Lilivutwa na punda wawili kwa siku nzima. Nzioka aliligonga na tezo mara moja, tezo ikaruka na kumeguka makali, naye akakaa chini akaomba chai. Baada ya hapo alitumia patasi. Kwa wiki tatu alipiga tangu asubuhi, na kwa haki yake, alipiga kweli. Alikula pia. Mumbua alisema hajawahi kuona muthokoi, ule wa mahindi ya kukoboa, ukipotea namna ile, hata wakati Ndeti akiwa hai na ametoka relini.

Ilipobaki wiki mbili, Mumbua alikwenda Mbooni kwa dada yake Nthenya kutafuta mbegu za maharagwe, akakaa siku nne. Aliporudi, Nzioka alikuwa amesimama mlangoni amechana nywele, na kitu kilikuwa uani kimefunikwa gunia.

"Mama, keti kwanza," akasema, na akalivuta gunia.

Alikuwa ni ndege, hilo lilionekana. Alikuwa amesimama juu ya miguu miwili myembamba, shingo ndefu imenyooka, kifua mbele, kama wale wanaosimama kwenye madirisha ya maduka ya Mombasa. Na alikuwa mweusi tititi, anang'aa kama kiatu cha askari, madoa meupe yamepakwa kwa rangi ya dukani.

"Hii kitu imekuwa nyeusi hivi aje?"

"Ni polishi ya viatu, mama. Tini tatu. Watalii wanapenda ikae kama mpingo."

"Watalii wanakuja kuzaa Kanyangi?"

Nzioka alianza kueleza juu ya soko, lakini jua la saa sita lilimwingilia kati. Polishi iliyeyuka. Ilianza kutiririka shingoni, ikavuta yale madoa meupe pamoja nayo, na mbele ya macho yao ndege akawa na michirizi kama mtoto aliyelia akiwa na masizi usoni. Nzi walikuja. Nzioka, kwa aibu, alimkumbatia ndege amtoe juani. Mti humruhusu mtu kuchonga mguu mwembamba, kwa sababu una nyuzi za kuushikilia. Jiwe halina nyuzi. Miguu yote miwili ilikatika kwa pamoja, na mwili ukaanguka kwenye majani makavu ya mahindi, ukakaa.

Zilikuwa zimebaki siku kumi, mbuzi amekwisha kutolewa, na akilini Mumbua aliuona ule mlingoti wa bendera umesimama chini ya mgunga. Alitaka kumtukana Nzioka na wazazi wake wote. Alifungua kinywa kuanza, akamwangalia ndege pale chini kwenye majani, na matusi yakamwishia.

Ndege alikuwa ameketi.

Bila miguu alikuwa kanga yule hasa, kanga aliye kwenye kiota, tumbo limebanwa ardhini, mabawa yamefunika asichotaka ukione. Shingo tu ndiyo haikufaa, ilikuwa bado imesimama kama ya mtu anayetafuta basi.

"Nzioka. Kata shingo ishuke, ikunje hapa kwa kifua. Na hapo chini utoe mayai mawili yakionekana kidogo. Mingine atafunika."

"Na miguu, mama?"

"Miguu ya nini? Umeona wapi mtu akitaga akiwa amesimama?"

Nzioka alicheka mpaka akashika ukuta, na huo ukawa mwisho wa ugomvi. Alikata shingo kwa siku sita, safari hii bila kuongea habari za Mombasa. Mumbua aliisugua ile polishi kwa majivu na mchanga mpaka jiwe likarudia rangi yake. Kisha alitoa jiwe lake dogo kwenye pindo la leso, akaketi chini, akaanza kumdonoa ndege mgongoni. Kila alipogonga, jiwe jeusi lilitoa alama nyeupe ndogo. Alama moja, nyingine pembeni, nyingine chini yake. Kanga na madoa yake. Nzioka alikuja akasimama nyuma yake, akaangalia muda mrefu.

"Hii sikufundishwa," akasema.

"Ulikuwa unakula," Mumbua akamjibu.

Ndege alifikishwa kituoni siku moja kabla ya sherehe, akawekwa chini ya mgunga. Mwalimu Kilonzo alimzunguka mara mbili, akiwa amefunga mikono nyuma, akitafuta kitu cha kukataa. Hakukuwa na jina. Hakukuwa na uso wa mtu. Alisema mbele ya kamati kwamba huyo ni kanga na si zaidi ya kanga, na kwamba amewekwa vizuri. Kesho yake kulikuwa na hotuba na nyimbo na utepe wa kukatwa. Zawadi ya Mumbua ilisomwa katikati ya blanketi na mapipa ya maji: jiwe moja, kutoka kwa Mama Nzomo. Alisimama akapigiwa makofi, akaketi, hakulia.

Na hakulia pale miaka minane. Kila Jumanne, siku ya soko, alipitia kituoni alfajiri, akaketi chini karibu na kanga, akafagia majani, akakaa kidogo na kuondoka. Ukame wa 1984, watu walipokula mahindi ya manjano ya msaada, alikuja hata kama hakuwa na cha kuuza sokoni. Kilio kilimjia mara nyingi. Alikimeza, kwa sababu alikuwa amekubali.

Lakini palikuwa na jambo moja la kumpa kazi, na pengine ndilo lililomsaidia. Madoa yalikuwa yanafutika. Kila baada ya miezi michache aliukuta mgongo wa kanga umelainika, umeng'aa, alama zimefifia, hasa pale juu ya mabawa. Mumbua alikasirika kweli kweli. Alimshutumu mlinzi, Mutisya, kwamba anamkalia. Alishutumu mbuzi wa mganga mkuu wa kituo kwamba wanajikuna. Alishutumu wachungaji kwamba wananoa panga. Mutisya aliapa kwa mama yake mzazi kwamba hajawahi kuweka makalio yake pale. Mumbua hakumwamini. Alitoa jiwe lake kwenye pindo la leso na kumdonoa kanga upya, donoa donoa, kila doa mahali pake, mpaka ukipitisha mkono unakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Alikuwa akisema moyoni: wewe hawatakufuta. Kwa miaka minane alishindana na adui asiyemwona, na mkono wake wa kulia ukaanza kuvimba kifundo.

Jumanne moja ya mwaka 1991 alichelewa kwa sababu ya mkono huo, akafika saa tano badala ya alfajiri. Alikuta mwanamke mchanga chini ya mgunga, tumbo kubwa, anatembea polepole akizunguka kama muuguzi alivyomwelekeza. Waliamkiana. Aliitwa Kaluki, alitoka ng'ambo ya mto, na hii ilikuwa mimba ya tatu. Mumbua aliketi, akatoa jiwe, akaanza kazi.

Kaluki alisimama. "Mwaitu, ni wewe unafanyanga hivyo?"

"Ni mimi. Kuna watu wanaiharibu."

"Ai, mama." Kaluki hakujua aseme vipi kwa mtu mzima. Mwishowe alifungua kiganja chake, akamwonyesha. Kilikuwa kimekwaruzika, chekundu chekundu, kama cha mtu aliyevuta kamba ya kisima. "Sisi tunaishikanga. Uchungu ikikuja unainama hapa, unashika huyu ndege hivi kwa mgongo, unamfinya mpaka iende. Wote tunafanya hivyo, hata yule sista anatuambia nenda kwa kanga. Ni baridi, ni nzuri. Lakini wakati mwingine unakuta imekuwa kali, inakata mikono. Tulikuwa tunajiuliza ni nani."

Uchungu ulimjia hapo hapo. Kaluki alipiga magoti, akamkumbatia kanga kwa mikono yote miwili, akaweka shavu juu ya mabawa, akaguna kwa sauti ya chini ndefu. Mumbua alibaki na jiwe lake limesimama hewani.

Aliiona yote mara moja. Si Mutisya, si mbuzi, si panga. Ni viganja, mamia ya viganja vya wanawake katika saa ile ambayo Nzilani alikuwa akiketi chini pamoja nao. Walikuwa wakimshika binti yake miaka minane, mchana na usiku, na yeye mama mtu amekuwa akija kila mara kumnoa awakate. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani. Na chini ya aibu ile kulikuwa na furaha kubwa, ya kutisha.

Uchungu wa Kaluki ulipopita, Mumbua alimwomba asogee kidogo. Alichota mchanga laini chini ya mgunga, akaumwagia maji ya chupa yake, akaanza kumsugua kanga kwa kiganja kizima, polepole, akilainisha kila doa alilokuwa amelirudisha. Ndipo machozi yalipokuja. Hayakuja kwa adabu, kama yale ya Murang'a. Yalimwagika, na sauti ikafuata, sauti nzito ya kutoka tumboni, ya miaka kumi, na hakuweza kuizuia hata angetaka. Kaluki alishikwa tena, akainama upande wa pili wa jiwe, naye akalia yake. Mzazi mwingine alikuwa akipiga kelele ndani. Muuguzi alichungulia mlangoni, akaona wanawake wawili wanalia wameshikilia kanga, jambo ambalo aliliona kila siku, akarudi ndani.

Mwalimu Kilonzo naye alikuwepo. Alikuwa amekuja kuangalia tangi la maji lililokuwa likivuja, mzee sasa, na fimbo, lakini bado na tai. Alisimama hatua chache kutoka mgungani. Mumbua alimwona, akakumbuka sharti la tatu, akajaribu kujifuta uso kwa mkono uliojaa mchanga, akauchafua zaidi. Alingoja aambiwe.

Mzee aliangalia ule mkono uliovimba, na mchanga, na Kaluki aliyekuwa akipumua kwa shida. Alivua kofia.

"Umeumia mkono?" akauliza.

Mumbua aliitikia kwa kichwa, ndiyo.

"Basi lia, Mama Nzilani," Kilonzo akasema, akaenda zake kuangalia tangi.